Ukuta wa mawe ya kutengeneza nyumbani kwa tangi la samaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mfugaji wa samaki wa mapambo aliyeko Dodoma na maeneo jirani, ambaye ana tangi la kioo na angependa upande wake wa nyuma uonekane kama jabali badala ya ukuta wa sebule. Mfano unaotumika kote ni tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 45, ambalo likijaa hubeba takriban lita 180.

Mawe yamejaa Dodoma. Kwa nini nisiokote mawe halisi nikayapanga?

Kwa sababu ya uzito. Ukuta wa sentimita 100 kwa 45 wenye unene wa wastani wa sentimita 5 una ujazo wa lita 22.5, na kwa kuwa lita moja ya jiwe la itale (graniti) ina uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu, ukuta huo utafikia karibu kilo 60. Uzito huo ukiegemea kioo, au jiwe moja likiteleza usiku kwa sababu samaki amefukua mchanga chini yake, kioo hupasuka. Ndiyo maana ukuta tutakaoutengeneza hapa ni wa stairofomu, lile povu jeupe jepesi la kufungia bidhaa, uliochongwa na kupakwa saruji; wenye ukubwa uleule hauzidi kilo saba au nane.

Mawe machache halisi yanayokaa sakafuni mwa tangi, mbele ya ukuta, ni jambo jema, na ningeshauri yawepo kwa sababu hulifanya jicho liamini kwamba na ukuta ni jiwe. Yachague kwa kuyadondoshea siki au maji ya ndimu: yakitoa mapovu yana chokaa ndani yake, nayo yataongeza ugumu wa maji kidogo kidogo. Itale haitoi mapovu. Usichukue hata kipande kidogo kutoka kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, kama yale ya michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006.

Ninahitaji vifaa gani, na nitavipata wapi?

Vingi vipo katika duka lolote la vifaa vya ujenzi: saruji ya kawaida, rangi ya unga inayotumiwa na mafundi wa sakafu, silikoni ya kubandikia vioo pamoja na bunduki yake, msasa, brashi za bei nafuu, glavu za mpira na barakoa. Mchanga laini wa korongoni unafaa sana, mradi uoshwe mpaka maji yatoke meupe na uchekechwe kwa chekeche ya unga. Siki na spiriti hupatikana dukani kwa kawaida. Kifaa ambacho watu hukiacha ili kubana matumizi, nami naomba usikiache, ni kipimo cha pH (namba inayoonyesha kama maji ni ya asidi, chini ya 7, au ya alkali, juu ya 7), iwe cha matone au cha vijikaratasi.

Stairofomu ipi inafaa?

Ile inayofungia majokofu na runinga inafaa, na maduka ya vifaa vya umeme hufurahi mtu akija kuiondoa. Chagua iliyoshikamana, yenye chembe ndogo, isiyomeguka ukiibonyeza kwa kidole. Masanduku yaliyosafirishia samaki wa barafu huwa na stairofomu nzuri, lakini yaoshwe kwa sabuni na kusuuzwa mara nyingi, kisha yaanikwe. Masanduku yaliyobeba dawa za mifugo au za mashamba yasitumike kabisa, hata yakionekana safi.

Nitafanyaje ili ukuta ufanane na jabali la kweli?

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika, kwa kuwa mtu huketi sebuleni na kuchonga mawe aliyoyawaza, na mawe ya kuwaza hutoka kama mikate iliyopangwa: ya mviringo, yenye ukubwa mmoja, yakiwa kwa safu. Mkazi wa Dodoma hana sababu ya kuwaza. Toka asubuhi au jioni, wakati jua liko chini na vivuli ni virefu, ukatazame Jiwe la Simba, au miamba iliyotapakaa kuzunguka Chuo Kikuu cha Dodoma, ukiwa na kalamu na karatasi.

Utaona mambo ambayo hakuna picha itakayokufundisha. Jabali la itale hubambuka kwa magamba mapana, kwa hiyo uso wake ni laini na wenye mbinuko, halafu ghafla unakatika kwa ukingo mkali ambapo gamba lilianguka. Nyufa zake hazitawanyiki ovyo; huelekea pande mbili au tatu tu, na ufa mmoja mrefu huweza kupita katika mawe matatu yaliyokuwa jiwe moja zamani. Mawe makubwa ni machache, madogo yamejikusanya chini yao, na kati yao kuna giza. Giza hilo ndilo linalompa mtazamaji hisia ya kina, kwa hiyo chonga mianya yenye kina kirefu kuliko unavyodhani inahitajika, kwa kuwa saruji itaijaza kiasi na maji yataifanya ionekane ya kina kifupi zaidi.

Nakushauri uanze na mawe mawili makubwa tu, moja likiwa upande mmoja na kufika karibu na uso wa maji, jingine likiwa chini zaidi upande wa pili, kisha vipande vidogo vijaze nafasi. Usiweke jiwe kubwa katikati kabisa. Ruhusu baadhi ya sehemu ziwe na unene wa sentimita 2 na nyingine zifike 12, lakini ukumbuke kwamba kila sentimita ya ukuta inachukua maji: kwa wastani wa sentimita 5, tangi letu la mfano linapoteza sehemu ya nane ya maji yake, na idadi ya samaki ipunguzwe kulingana na hilo.

Nichonge na kubandika vipande kwa kutumia nini?

Kisu kirefu chenye makali hutosha kwa umbo la jumla, na brashi ya waya hukwangua uso ukawa na chembechembe kama za itale iliyochakaa. Wengine hupasha kisu moto kwenye jiko la mkaa. Njia hiyo hutoa mikato mizuri, lakini moshi wa stairofomu ni sumu, hivyo ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na watoto wakiwa mbali.

Vipande vishikanishwe kwa silikoni. Gundi ya viatu, tina, petroli na rangi za kupuliza huyeyusha stairofomu papo hapo. Unaweza kuvishikilia kwa vijiti vya mishikaki mpaka silikoni ikauke, kisha uvichomoe vyote.

Kabla ya kuchonga chochote, pima ndani ya tangi na si nje, na upunguze milimita 5 kila upande. Tengeneza kwanza kiolezo cha boksi la karatasi ngumu ukakiingize tangini, kwa sababu vioo vya kuimarisha vilivyopita juu ya tangi mara nyingi huzuia ukuta mzima kupita. Vikizuia, kata ukuta vipande viwili au vitatu, na mkato ufuate ufa wa jiwe badala ya kushuka wima kama mlango.

Saruji nichanganye vipi, na nipake mara ngapi?

Paka mara tatu, hata nne, kwa matabaka membamba. Tabaka la kwanza liwe saruji na maji peke yake, jepesi kama uji wa mtoto, likisukumwa kwa brashi ndani ya kila kitundu cha stairofomu. Lisipoingia vitunduni, matabaka yanayofuata yatabambuka yote kwa pamoja. Tabaka la pili na la tatu yawe na kipimo kimoja cha saruji kwa kimoja na nusu au viwili vya mchanga uliochekechwa, zito kiasi cha kubaki kwenye brashi bila kudondoka. Acha saa 24 kati ya tabaka na tabaka, na ulowanishe tabaka lililotangulia kabla ya kupaka jipya. Unene wote kwa jumla uwe kati ya milimita 5 na 8.

Upande wa nyuma na kingo zitakazogusa kioo zisipakwe saruji kabisa, kwa kuwa hapo ndipo silikoni itakaposhika, na silikoni hushika vizuri stairofomu safi kuliko vumbi la saruji. Kazi yote ifanyike ukuta ukiwa umelala juu ya ubao, na ubao huohuo utumike kuuhamisha. Stairofomu hujipinda, saruji haijipindi; ukiunyanyua ukuta kwa ncha mbili bila ubao, utasikia ukilia.

Vaa glavu. Saruji mbichi huunguza ngozi taratibu, bila maumivu ya kukuonya mapema.

Rangi gani haina madhara kwa samaki?

Rangi ya unga ya oksidi ya chuma, ile nyekundu, ya njano na nyeusi inayochanganywa kwenye sakafu za saruji. Ichanganye ndani ya saruji yenyewe; isipakwe juu yake. Kwa itale ya Dodoma, tabaka la pili liwe la kijivu kilichokolea, karibu na nyeusi, na la tatu liwe kijivu chepesi chenye chembe ya nyekundu, likipakwa kwenye sehemu zilizochomoza tu ili mianya ibaki na giza. Kisha chukua sponji kavu yenye rangi iliyopauka zaidi uguse vilele peke yake. Saruji ikikauka hupauka sana, na ikiingia majini hukolea tena, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, ukiloweshe, ndipo uamue. Rangi za mafuta na za maji za kuta za nyumba zisitumike. Nyingine zina dawa za kuzuia ukungu, ambazo samaki hawazistahimili.

Fundi ananiambia nimwagilie ukuta maji kama sakafu. Je, ni lazima?

Ni lazima, na kwa Dodoma ni lazima zaidi. Saruji haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na maji yanayoungana nayo, na yakitoweka mapema hubaki unga unaokwangulika kwa ukucha. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa yetu ni kavu na upepo hauishi, kiasi kwamba tabaka la milimita 2 linaweza kupoteza maji yake kabla ya mchana kuisha. Fanyia kazi kivulini, funika ukuta kwa gunia lililoloweshwa na karatasi ya nailoni juu yake, na unyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau.

Kwa nini inasemekana saruji huua samaki? Niuloweke ukuta kwa muda gani?

Saruji inapoganda huzalisha hidroksidi ya kalsiamu, ambayo ni aina ya chokaa, na maji yaliyoigusa huweza kupanda hadi pH ya 12. Samaki wengi wa mapambo huishi kati ya 6.5 na 8.5. Maji yakipita 9, matamvua na ute wa ngozi huanza kuathirika, na tatizo la pili hujiunga na la kwanza: amonia inayotoka kwenye kinyesi chao hugeuka kuwa ya aina yenye sumu kali zaidi kadiri pH inavyopanda. Ukuta wangu wa kwanza niliuloweka siku tano. Maji yalikuwa maangavu, hayakuwa na harufu, nikaweka samaki saba, na kufikia asubuhi ya tatu hakuna aliyekuwa hai. Maji maangavu hayaelezi chochote kuhusu pH yake, na samaki wale walikufa kwa sababu sikupima.

Utaratibu ninaoufuata tangu wakati huo ni huu. Baada ya siku 7 za kumwagilia, chimba shimo pana la kina kifupi uani, litandike karatasi ya nailoni nzito, laza ukuta humo, uukandamize kwa mawe ili usielee, na ujaze maji. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Wiki ya pili, lita moja ya siki ya kawaida ikitiwa katika lita 50 za maji kwa siku moja itaondoa sehemu ya chokaa iliyo juu juu, lakini siki haifiki ndani, kwa hiyo isikupe haraka. Kwa kawaida kazi nzima huchukua wiki tatu hadi nne, muda unaokaribia siku 28 ambazo mafundi huzihesabu kwa zege kufikia nguvu yake.

Kipimo cha kumaliza kifanywe kwa kulinganisha. Maji ya visima vya huku kwetu ni magumu na mara nyingi tayari yana pH iliyo juu ya 7, kwa hiyo namba peke yake inaweza kukupotosha. Jaza ndoo moja maji yaleyale uliyotumia kulowekea, uiache kando ya shimo, ikiwa wazi, kwa siku mbili zilezile. Kisha pima ndoo na shimo. Tofauti ikiwa chini ya 0.2 kwa mara tatu mfululizo, ukuta uko tayari kwenda tangini, na hata huko jaza maji, pima kwa wiki moja nyingine, ndipo ufikirie samaki.

Maji ni ya shida. Niyamwage tu haya ya kulowekea?

Usiyamwagie mboga wala miti. Yanafaa kabisa kumwagilia matofali ya saruji au sakafu mpya, na katika mji unaojengwa kama huu hutakosa jirani anayefyatua matofali. Ukuta mwembamba uliolala shimoni huhitaji maji kidogo sana kuliko uliosimama kwenye pipa.

Nimesikia ukuta unaweza kung'oka na kuelea. Je, ni kweli?

Ni kweli, na nguvu yake huwashangaza watu. Lita 22.5 za stairofomu zikizamishwa husukumwa juu kwa nguvu ya takriban kilo 22, na hata baada ya kupunguza uzito wa saruji hubaki zaidi ya kilo 14 zinazovuta silikoni usiku na mchana. Mawe yaliyopangwa mbele hayawezi kuuzuia.

Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Soma maandishi ya kopo, na ukiona imeandikwa kwamba ni ya bafu na huzuia ukungu, irudishe. Ukuta lazima ukauke mpaka nyuma, jambo ambalo kwa hewa ya Dodoma huchukua siku mbili au tatu. Kioo kisafishwe kwa spiriti na kisiguswe tena kwa vidole. Paka mstari mnene kuzunguka ukingo wote, na mistari ya wima kila baada ya sentimita 15 katikati, ukiacha mapengo madogo ya kupitishia hewa. Kopo mbili au tatu za mililita 300 hutosha tangi letu la mfano. Laza tangi chali, kioo cha nyuma kikiwa chini juu ya blanketi, bandika, weka vitabu juu ya ubao kwa siku nzima, kisha uliache tangi siku 7 mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Maungio ya vipande yajazwe silikoni, na kabla haijakauka uibonyezee mchanga na unga wa rangi uleule. Ufa utapotea machoni.

Je, naweza kuubandika bila kutoa maji na samaki?

Hapana. Silikoni haishiki kioo chenye maji, na asidi inayoitoa inapokauka ni hatari kwa samaki.

Naweza kuficha pampu, kichujio na hita nyuma ya ukuta?

Unaweza, na tangi hupendeza zaidi hivyo, lakini amua kabla ya kuchonga. Acha chumba upande mmoja chenye upana wa kutosha mkono wako kuingia na kutoka na pampu, kwa kuwa siku moja utahitaji kuisafisha. Maji yaingie kupitia matundu ya chini yaliyofichwa chini ya jiwe linalojitokeza, yatoke juu upande wa pili, na matundu yote yazibwe kwa wavu wa plastiki. Samaki wadogo hupita mahali ambapo hungedhani panapitika, na akifia nyuma ya ukuta hutaweza kumtoa. Hita isiguse stairofomu. Katika baridi ya Juni na Julai, ukuta huu una faida ambayo wengi hawaitarajii: huzuia joto kupotea kupitia kioo cha nyuma.

Samaki gani hufurahia ukuta wa namna hii?

Tuna bahati, kwa sababu samaki wa miambani wanaotafutwa na wafugaji duniani kote ni wa maziwa yetu. Mbuna wa Ziwa Nyasa hula mwani ulioota juu ya mawe na hukimbilia nyufani wanapofukuzwa. Wale wa Ziwa Tanganyika, kama Tropheus na Julidochromis, vilevile huishi mawe yakiwa jirani, na baadhi hutaga ndani ya mianya. Wote hupenda maji magumu yenye pH ya 8 na kuendelea, kwa hiyo maji ya visima vya Dodoma, ambayo humsumbua anayefuga samaki wa mito ya Amazon, huwafaa hawa bila marekebisho makubwa, mradi yasiwe na chumvi nyingi ya kupita kiasi. Kwa mbuna, chonga mianya mingi isiyoonana, ili dume mkali asiweze kutawala ukuta mzima kutoka sehemu moja.

Kambale wanaokwangua mawe kwa midomo huweza kumaliza saruji iliyopakwa kwa wepesi. Ukiwapenda, ongeza tabaka la nne.

Ukuta umeota mwani wa kijani na kahawia. Niusugue?

Uache. Kufikia mwezi wa pili au wa tatu mwani huziba kasoro za rangi na kuupa ukuta mwonekano wa jiwe lililokaa majini miaka mingi, na bakteria wanaosafisha maji hujenga makao humo. Mwani ukikusumbua macho, punguza saa za taa hadi 7 au 8 kwa siku, na usogeze tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana.

Saruji imepasuka na stairofomu inaonekana. Nifanyeje?

Ufa mwembamba kama unywele hauhitaji kitu. Kipande kilichobambuka kwa ukubwa wa kiganja kirekebishwe kwa kushusha maji chini ya hapo, kupakausha kwa siku moja, kupaka silikoni nyembamba na kubonyezea mchanga wenye rangi, samaki wakiwa wamehamishiwa kwenye chombo kingine chenye pampu ya hewa mpaka harufu iishe. Usitumie saruji mpya ndani ya tangi lenye samaki, hata ya ukubwa wa kijiko, kwa kuwa hesabu ya pH huanza upya kutoka mwanzo.